Maneno 12 na saini yako: jinsi ya kulinda waleti ya kripto matapeli wasikulize

Nianze na kitu ambacho watu wengi wanakielewa kombo, maana ukikishika hiki mengine yanakuwa mepesi. Waleti ya kripto haina hela ndani. Koini zako zipo kwenye blokucheni, daftari la wazi ambalo yeyote anaweza kulisoma, na hiyo waleti uliyonayo kwenye simu kazi yake ni kutunza ufunguo, ule unaothibitisha kwamba koini za anwani fulani wewe ndo mwenye ruhusa ya kuzihamisha. Kwa hiyo tapeli anahitaji kimoja kati ya viwili tu, aupate ufunguo wenyewe, au akufanye wewe mwenye ufunguo umfungulie mlango kwa mkono wako. Basi. Hesabu zinazolinda Bitcoin hakuna anayehangaika kuzivunja, kompyuta za saivi haziziwezi, nguvu zote wanazielekeza kwako. Ndo maana kila kitu nitakachoandika hapa kinarudi kwenye vitu viwili, maneno yako ya siri na saini yako.

Yale maneno

Ukifungua waleti mpya inakupa maneno 12 au 24 ya kawaida kabisa, mara nyingi ya Kiingereza, yanatoka kwenye orodha moja yenye maneno 2048, utaratibu huo unaitwa BIP39 na waleti nyingi sana zinautumia. Hayo maneno ndo ufunguo. Mwenye nayo anakaa popote alipo, anashusha apu, anayaandika, na waleti yako inafunguka kwake na kila kilichomo, hakuna ujumbe unaokuja kwako kukuuliza kama ni wewe. Alafu hayabadilishiki. Paswedi uliyoweka kwenye apu inafunga apu hiyo kwenye simu hiyo tu, maneno yakishavuja ukabadilisha paswedi hata mara mia haisaidii kitu, na hili nimeona wengi wakiteleza, mtu anashtuka, anakimbilia kubadilisha paswedi, analala akijua amepona, asubuhi anakuta sifuri.

Sasa kutunza. Yaandike kwa mkono kwenye karatasi, kwa mpangilio wake, na namba pembeni, maana neno la 5 likikaa nafasi ya 6 waleti haitafunguka au itafunguka nyingine tupu. Soma tena neno moja moja ukilinganisha na skrini. Tengeneza nakala mbili uziweke sehemu mbili tofauti, moto au maji yakipita sehemu moja usibaki mikono mitupu. Kama kiasi ni kikubwa kuna vibati vya chuma cha pua ambavyo unagonga herufi, na kwenye ile orodha herufi 4 za mwanzo za kila neno hazifanani na za neno jingine, kwa hiyo ukigonga hizo 4 tu zinatosha. Na kabla hujaweka hela ya maana, fanya jaribio hili ambalo karibu kila mtu analiruka: tuma kiasi kidogo, futa apu kabisa, ishushe upya, rudisha waleti kwa kutumia ile karatasi yako. Ikirudi na kale kasalio, karatasi yako ni nzima. Isiporudi umepoteza kidogo na umejifunza mapema.

Usiyapige picha. Narudia, usiyapige picha, wala skrinshoti, wala usijitumie kwenye WhatsApp, wala kwenye rasimu za imeli, wala kwenye noti za simu. Picha ya simu inapanda yenyewe kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wewe kujua, na mwaka 2025 watafiti wa Kaspersky, kampuni ya usalama wa kompyuta, walieleza programu haribifu waliyoiita SparkCat, ilijificha kwenye apu za kawaida zilizokuwepo Google Play na App Store zote mbili, ikiomba ruhusa ya kuona picha zako alafu inasoma maandishi yaliyomo kwenye picha ikitafuta maneno ya waleti. Yaani unaipa apu ruhusa ya galari bila kufikiria, yenyewe inapekua picha moja moja. Na apu za kutunzia paswedi nazo kwa maneno ya waleti mimi siziamini, LastPass walidukuliwa mwaka 2022 wezi wakaondoka na nakala za makabati ya wateja, yamefungwa kwa usimbaji fiche ndiyo, lakini mwizi akishakuwa nalo kwake ana muda wote wa kujaribu kulifungua.

Hapa nikupe kisa kimoja kwa karibu. Rafiki yangu alikwama, muamala ulikuwa haujafika kwa saa kadhaa, akauliza kwenye grupu la Telegram la watumiaji wa waleti yake. Hazikupita dakika tano inboksi ikaingia meseji, picha ya profaili ni nembo ya waleti, jina limeandikwa huduma kwa wateja, lugha ya upole kabisa, pole ndugu kwa usumbufu, akaunti yako inahitaji kuoanishwa upya na seva, fuata hii linki. Linki ikafungua ukurasa unaofanana na wa waleti mpaka rangi, una vibox 12 vimepangwa vizuri. Akaandika. Alipofika neno la 11 roho ikamsita akanipigia, akaniambia nimeacha moja, sijabonyeza kutuma, nipo salama? Nikamwambia hamisha kila kitu sasa hivi. Kwanza kurasa nyingi za aina ile zinaweza kunasa kila herufi unapoiandika, hazisubiri ubonyeze kitufe. Pili, neno la 12 lililobaki sio kinga hata kidogo, orodha yenyewe ina maneno 2048 tu, na kwa kuwa neno la mwisho limebeba namba ya uhakiki yanayoweza kukubali ni 128, kompyuta inayajaribu yote kabla hujameza mate. Tulihamisha, tukawahi. Ila angalia alivyoingia kingi mtu ambaye sio mjinga hata kidogo, alikuwa na shida ya kweli, ana haraka, na msaada umejileta wenyewe.

Kwa hiyo shika hili: hakuna kampuni ya waleti, hakuna soko la kripto (kampuni ya kununulia na kuuzia koini), hakuna fundi, hakuna admini wa grupu mwenye sababu yoyote ya kuyahitaji maneno yako. Sehemu pekee yanapoandikwa ni ndani ya waleti yenyewe wakati unairudisha kwenye kifaa kipya, na wewe ndo umeamua kuirudisha. Anayekuja kukuuliza, hata akiuliza neno moja tu, ni mwizi.

Saini ndo panapoliza watu zaidi sikuhizi

Watu wameshaanza kujifunza kuficha maneno, matapeli wakahamia hapa. Kwenye Ethereum, blokucheni nyingine tofauti na ya Bitcoin, na mitandao inayofanana nayo, ukitumia huduma yoyote ya kubadilishana tokeni (koini zinazotembea juu ya mtandao huo) unaipa kwanza kibali cha kuchukua tokeni zako, na huduma nyingi zinaomba kibali kisicho na kikomo ili usisumbuke kila mara. Hicho kibali hakiishi ukifunga ukurasa, na kwa kawaida hakina tarehe ya mwisho. Ukikitoa kwa mkataba wa tapeli, yaani programu yake inayokaa kwenye blokucheni, anaweza kukaa kimya wiki, mwezi, anasubiri salio linone, alafu anazoa. Wewe unaangalia unasema lakini sijampa mtu maneno yangu, na ni kweli hujampa.

Desemba 2021 mradi wa BadgerDAO ulipigwa hivyohivyo, wezi walichomeka msimbo wa programu kwenye tovuti halisi ya mradi, wateja wakaingia kwenye anwani ileile waliyoizoea, kikatokea kiboksi cha kuomba kibali, wakabonyeza kama siku zote, zikaondoka kama dola milioni 120. Tovuti ilikuwa ya kweli. Kwa hiyo kuangalia jina la tovuti ni lazima lakini hakutoshi, inabidi usome unachosaini.

Unasomaje? Kiboksi cha waleti kikitokea tulia, toa kidole kwenye kitufe. Jiulize nilikuwa nafanya nini hapa. Kama ulikuja kubadilisha tokeni moja kwa nyingine, unategemea kuona kibali cha tokeni ile, kwa kiasi kile, basi. Ukiona kiasi ni namba ndefu ajabu au kimeandikwa bila kikomo, punguza, waleti kama MetaMask inakuruhusu kuandika kiwango mwenyewe. Ukiona neno approve, permit, increaseAllowance au setApprovalForAll, yote hayo ni ya kuomba kibali, wakati ulikuja kuchukua zawadi tu, funga ukurasa, hilo la mwisho linakabidhi mkusanyiko mzima wa NFT zako (tokeni za kipekee, kama za picha) kwa pigo moja. Na hiyo permit uiogope kwa namna yake, maana haikati ada ya gesi, ile unayolipa mtandao kwa kila muamala, ni saini tu, inaonekana kama unathibitisha kuingia, kumbe umesaini hundi na tapeli ataipeleka mwenyewe kwenye blokucheni muda anaotaka. Watu wamezoea kwamba hela inaondoka pale wanapolipa gesi. Sio lazima. Saini isiyo na gesi inaweza kukusafisha.

Kama umeshazunguka kwenye tovuti nyingi, ingia Revoke.cash au ukurasa wa kukagua vibali wa Etherscan, andika anwani hiyo mwenyewe kwa mkono, utaona orodha ya vibali ulivyotoa ambavyo bado viko hai, futa vile usivyovitumia. Kufuta kunakula gesi kidogo. Mimi nafanya kila mwezi na bado huwa nakuta kitu nilichosahau.

Dawa kubwa zaidi ya hili lakini ni kuwa na waleti mbili, tena zenye maneno tofauti kabisa, sio akaunti mbili ndani ya maneno yaleyale. Moja ni ya kutunza, haiunganishwi na tovuti yoyote, inapokea na kutuma tu. Nyingine ni ya kuzurura nayo, unaweka kile ambacho kikiondoka utaumia lakini utasimama. Ya kutunza iwe kwenye kifaa maalumu kama uwezo upo, vile vidude kama flashi, Ledger na Trezor ndo majina yanayojulikana zaidi, ufunguo unabaki ndani ya kifaa na kila muamala unaukubali kwa kubonyeza kifaa chenyewe. Kinunue kwa mtengenezaji moja kwa moja, sio kwa mtu wa mkononi, na kikija na karatasi ambayo maneno yameshajazwa tayari usikitumie, maneno yanatakiwa yazaliwe mbele yako kwenye kifaa. Ila usije ukadhani kifaa kinakutosha. Februari 2025 soko la Bybit walipoteza kama dola bilioni 1.5 za Ethereum, waliosaini walikuwa watu wa kazi hiyo, lakini kurasa walizokuwa wanaziangalia kwenye kompyuta zilikuwa zimechezewa zinaonyesha muamala wa kawaida wakati kinachosainiwa ni kingine. Kwa hiyo unachokiamini ni kile kilichoandikwa kwenye kaskrini ka kifaa, na kifaa kikikuonyesha herufi usizozielewa, usibonyeze kwa imani.

Anwani: usiangalie mwanzo na mwisho tu

Anwani ya Ethereum ina 0x alafu herufi na namba 40, hakuna anayezisoma zote, tunaangalia nne za mwanzo na nne za mwisho, na matapeli wanalijua hilo. Wanatengeneza anwani inayoanza na kuishia kama ya mtu unayemtumia mara kwa mara, tuseme 0x7A3f mwanzo na 91cE mwisho, katikati ni tofauti kabisa, alafu wanakutumia muamala wa sifuri au vichenji ili anwani yao ikae juu kwenye historia yako. Siku unataka kutuma tena unafungua historia, unakopi ya juu, unapesti, unatuma. Imekwenda. Mei 2024 kuna mtu alituma WBTC 1155 (tokeni inayowakilisha Bitcoin kwenye Ethereum), zaidi ya dola milioni 68, kwa mtego huuhuu, yeye alibahatika tu mwizi alirudisha sehemu kubwa siku kadhaa baadaye, na hilo halitokei kwa watu wengi.

Kwa hiyo usikopi kutoka kwenye historia. Weka anwani unazotumia kwenye kitabu cha anwani cha waleti, au umwombe mwenyewe akutumie upya, na ukishapesti linganisha na herufi za katikati, mimi huwa nachagua kipande cha sita hivi katikati nakisoma kwa sauti. Kuna virusi vya kompyuta pia vinavyokaa kimya vikisubiri ukopi anwani, ukipesti inatoka ya mwizi, kwa hiyo linganisha baada ya kupesti sio kabla. Na kama ni hela nyingi tuma kidogo kwanza, subiri mwenzako aseme imefika, ndo utume iliyobaki. Unalipa ada mara mbili, sawa, lipa.

Wanaokuja wenyewe

Hapa nitapita harakaharaka maana sura ni nyingi ila mwili ni mmoja, kuna mtu humjui ana kitu kizuri mno kwa ajili yako na kina haraka.

Zawadi za kuongezewa mara mbili, tuma moja upate mbili, hizo hazijawahi kuwa za kweli hata zikitoka kwenye akaunti ya kweli. Julai 15, 2020 akaunti za Twitter za Barack Obama, Joe Biden, Elon Musk na wengine zilitekwa siku moja zikaandika maneno hayohayo, na watu walituma Bitcoin za zaidi ya dola laki moja kwa masaa machache. Tokeni usizozijua zikitua kwenye waleti yako, hasa zenye jina la tovuti ndani yake, usiziuze, usizitume, usifungue hiyo tovuti, ziache zikae au uzifiche, kukaa kwake peke yake hakudhuru.

Mtego mmoja unaokamata hata wajanja: mtu anaandika hadharani kama amechanganyikiwa, jamani nina USDT kwenye waleti nashindwa kutoa, maneno yangu ni haya hapa nisaidieni. USDT ni koini inayofuata thamani ya dola. Unaingiza unakuta kweli kuna USDT, ziko kwenye mtandao wa Tron, na hakuna TRX, koini ya mtandao huo, ya kulipia ada. Unatuma TRX kidogo ili uzitoe. TRX inaondoka palepale, na USDT hazitoki kabisa maana ile waleti imewekewa ruhusa ya saini zaidi ya moja na maneno uliyopewa pekee hayatoshi. Tamaa yako ndo ilikuwa bidhaa.

Kuhusu apu na linki, usitafute jina la waleti kwenye Google ukabonyeza la kwanza, matangazo ya kulipia yanakaa juu na matapeli wananunua matangazo. Na kuwepo kwenye duka la apu sio cheti, mwaka 2021 kuna mtu alishusha apu iliyojiita Trezor kutoka App Store, akaandika maneno yake, Bitcoin 17.1 zikaondoka. Nenda tovuti rasmi ya mtengenezaji uliyoiandika mwenyewe, kutoka hapo ndo ufuate linki ya duka, alafu hifadhi ukurasa kwenye brauza uingie kwa njia hiyo siku zote.

Alafu wale wa taratibu, wanaoanza na samahani nimekosea namba, mnachati wiki, mnazoeana, mapenzi au urafiki, hatagusia hela mpaka siku moja akuonyeshe tu anavyofanya biashara. Jukwaa atakalokupeleka ni lake, namba zinazopanda kwenye skrini ni za kuchorwa, na kile kidogo atakachokuruhusu kutoa mwanzoni ni chambo ili uweke kikubwa. Ukitaka kutoa chote utaambiwa ulipe kodi kwanza. Kwa mtu uliyempenda hili linauma kuliko hela, najua, lakini ukifika hapo kwenye kodi acha kulipa siku hiyohiyo.

Kama koini zako ziko kwenye soko badala ya waleti yako, ufunguo wanao wao, na kwenye masoko ya Mt. Gox mwaka 2014 na FTX mwaka 2022 wateja waliamka wakakuta hawawezi kutoa chao. Kwa zile unazoziacha huko, ondoa uthibitisho wa SMS, maana mwizi akimlaghai mhudumu wa laini ahamishie namba yako kwenye kadi yake, namba zote za uthibitisho zinaingia kwake. Tumia apu ya kutengeneza namba hizo au ufunguo wa kuchomeka kwenye kifaa, linda imeli yako kwa njia hiyohiyo, na washa ile orodha ya anwani zinazoruhusiwa kutolewa hela, ambayo anwani mpya inasubiri muda kabla haijakubaliwa.

Ukishapigwa

Usikae kujilaumu, kuna dakika za kuokoa. Kama ni maneno yaliyovuja, tengeneza waleti mpya yenye maneno mapya, kwenye kifaa kingine safi, uhamishe kilichobaki ukianza na cha thamani kubwa. Kubonyeza ongeza akaunti ndani ya waleti ileile hakusaidii, akaunti zote hizo zinazaliwa na maneno yaleyale. Na ukikuta tokeni zipo ila gesi haipo, usitume gesi kwa pupa, mara nyingi kuna roboti imekaa pale inazoa chochote kinachoingia kabla hujakitumia. Kama ni kibali ulichotoa, kifute haraka kibali hicho, waleti yenyewe inaweza kuwa bado nzima.

Nakili namba ya muamala, anwani ya mwizi, saa, hifadhi mazungumzo yote kabla hajayafuta. Fuatilia hela kwenye blokucheni, ikionekana imeingia kwenye soko linalojulikana waandikie saa hiyohiyo, na kama ni USDT au USDC (nayo ni koini ya thamani ya dola) watoaji wake wana uwezo wa kuzifungia kwenye anwani, kwa kawaida wanasikiliza polisi, kwa hiyo ripoti ya polisi iandikishe mapema hata kama aliyeko kaunta haelewi kripto ni nini, mpe maandishi mafupi aiambatishe.

Na jiandae, ndani ya siku chache ataanza kuja mtu wa pili, hasa kama umeandika mtandaoni kwamba umeibiwa. Atasema yeye ni mtaalamu wa kurudisha kripto, atakuonyesha picha za watu aliowasaidia, atakuambia ameshaiona hela yako imekwama sehemu inasubiri tu ada ya kuifungua, au anahitaji maneno ya ile waleti mpya ili airudishie humo. Muamala ulioshathibitishwa kwenye blokucheni hakuna mtu anayeurudisha nyuma kwa ada. Huyo mfungie kabisa, na meseji zake uziongeze kwenye faili lako la polisi.